Baiskeli ya Tunduma kwenye Mteremko wa Ihanda

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, siku ya Alhamisi, baiskeli niliyoitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe ilianza kutembea peke yake. Saa naijua kwa sababu Mama Eliza, mke wa mwenye baiskeli, alikuwa amenyanyua simu atupige picha, na picha hiyo ninayo hadi leo. Inaonyesha wanaume wawili wamenyoosha mikono mbele kana kwamba wanaagana na mtu. Baiskeli haimo. Ilikuwa imeshatoka kwenye picha.

Nitairudia baiskeli hiyo. Ninyi vijana mnaojifunza ufundi mmeniomba niandike niliyojifunza katika miaka ishirini na minane ya kutengeneza baiskeli, kwanza nyumbani Ihanda, kisha kwenye karakana yangu Tunduma, ambayo niliifunga mwaka jana kwa sababu ya mgongo. Nimefikiri, nikaona mengi mnaweza kuyapata kwenye simu. Huko yuko mtu anayeonyesha kila kitu, na mikono yake ni misafi. Mimi nitaandika yale ambayo yeye hawezi kuyaonyesha kwa kuwa hayajamkuta.

Sikusomea ufundi. Baiskeli ya kwanza kuifungua ilikuwa ya baba, nikiwa na miaka kumi na minne, siku aliyokwenda msibani. Habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, ya baiskeli zile za kizamani ina gololi kumi na nane, tisa kila upande. Nilizitoa zote, nikazisafisha kwa mafuta ya taa, nikazirudisha kumi upande mmoja na nane upande wa pili. Ya kumi iliingia nilipoigonga kidogo. Kesho yake baba aliondoka na baiskeli kwenda Vwawa, akarudi kwa miguu, ameibeba begani. Hakunipiga. Aliniita mbele ya mama na wageni wawili, akaniambia nihesabu kwa sauti kutoka moja hadi tisa. Nikahesabu.

"Kumbe anajua," baba akawaambia wageni, na mazungumzo yao yakaendelea.

Kwa hiyo andikeni hili: gololi zikienea kwenye habu bila kubaki nafasi hata kidogo, mmezidisha. Lazima ibaki nafasi isiyotosha gololi nyingine. Na gololi ikihitaji kugongwa ili iingie, haitakiwi kuwa pale.

Tangu siku hiyo niliandika kila kosa kwenye daftari. Sikuandika kwa ajili ya mtu yeyote. Niliandika kwa sababu niligundua kwamba ninakumbuka vizuri mambo niliyofaulu, na yale niliyoharibu nayakumbuka kama yaliharibiwa na mtu mwingine.

Nilipohamia Tunduma nilikuta kazi nisiyoijua. Pale, baiskeli ya mizigo haiendeshwi, inasukumwa. Wasukumaji wanabeba unga, saruji, sabuni na mafuta ya kula kati ya Tunduma na Nakonde, ambayo ni kama mji mmoja wenye mpaka wa nchi katikati. Msukumaji anatembea upande wa kushoto, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mzigo, na baiskeli inamwegemea siku nzima. Wiki kumi na moja za mwanzo nilikuwa nikibadilisha spoki zilizokatika bila kuuliza kwa nini zinakatika. Ni daftari lililoniambia. Nilipohesabu niliyoandika, karibu zote zilikuwa za upande wa kushoto, upande anaotembea msukumaji. Nikaanza kuweka spoki nene upande huo, na wateja wakapungua kwa muda, kwa kuwa baiskeli zao hazikuharibika. Hilo nalo ni jambo la kulijua kabla hamjawa mafundi wazuri.

Aliyenifundisha kunyoosha rimu alikuwa fundi wa upande wa Nakonde, Ba Mulenga. Hilo "Ba" ni heshima kwa Kibemba, na alistahili. Alikuwa akigusa spoki kwa kucha, moja baada ya nyingine, akisikiliza sauti zake, kisha anakaza ile yenye sauti nzito. Mimi nilikuwa nakaza kwa nguvu ili nimalize.

"Awe, iwe!" alikuwa akinikemea. "Panono, panono."

Maana yake ni: hapana wewe, kidogo kidogo. Robo ya mzunguko, unasikiliza, robo nyingine. Alisema fundi anayekaza spoki mzunguko mzima kwa mara moja amegombana na mtu nyumbani. Niliyapima maneno hayo kwa miaka mingi, kwangu na kwa wengine, na sijaona yakikosea.

Sasa nirudi kwenye Alhamisi, na kwa kuwa kosa lilikuwa langu nitalieleza kwa mpangilio.

Baada ya miaka ya kutosha Tunduma, mikono yangu ilikuwa imezoea. Mtu akisema "nitengenezee baiskeli ya mizigo," kabla hajamaliza nilikuwa nimeshika spana. Kwanza natoa pedali, kwa sababu zinamgonga msukumaji kwenye muundi. Natoa cheni, kwa sababu inakula suruali. Natoa madigadi. Natoa breki, kwa kuwa ni uzito wa bure: barabara ya mpakani ni tambarare, na watu ni wengi kiasi kwamba hakuna anayeweza kukimbia hata akitaka. Baada ya kutoa, naongeza. Nachomelea bomba la pili kwenye fremu, nondo mbili kwenye uma wa mbele, keria pana ya chuma, stendi ya miguu miwili, na fimbo ndefu kwenye usukani ya kushikia. Baiskeli inabaki bila kitu kinachoifanya baiskeli isipokuwa magurudumu, na inabeba magunia mawili.

Akaja Osia na baiskeli yake. Osia ni mkulima wa kahawa wa Ihanda, rika la kaka yangu mkubwa. Mimi namwita kaka, na yeye aliniita fundi tangu nilipofungua karakana. Alikaa kwenye kopo la rangi nililowawekea wateja, akaonyesha barabarani.

"Fundi, nataka kama zile."

"Zile ni za kusukuma, kaka. Huwezi kuipanda."

"Nina miaka sitini na moja. Nani kakuambia nataka kuipanda?"

Akanieleza shida yake. Kahawa ikichumwa mbivu, hizo cheri nyekundu, lazima imenywe maganda siku hiyohiyo. Ikilala kwenye gunia inapata joto, inachacha, na harufu ile haitoki tena hata ufanye nini. Kikundi chao kina mashine ya kumenya, kilomita nne kutoka kwake, na mashine inapokea hadi saa kumi na mbili jioni. Mwanachama akichelewa mara tatu katika msimu mmoja, anafutwa kwenye orodha, na kahawa yake iliyobaki anawauzia walanguzi wanaopita nyumba kwa nyumba na bei yao mfukoni. Osia alikuwa ameshachelewa mara mbili. Baiskeli yake ilibeba gunia moja, na alipokuwa akirudia la pili, karani wa kikundi alikuwa ameshafunga.

"Mara ya tatu," alisema, "nimekwisha. Miche yote niliyopanda na marehemu baba, nitawapa wale jamaa wa mizani za uongo."

Nilimwuliza maswali saba. Nilikuwa na orodha, nimeibandika ukutani: mzigo una uzito gani, unasafiri umbali gani, njia ni lami au udongo, msukumaji ana urefu gani, na kadhalika. Mimi ni mtu wa mpangilio. Hakuna hata swali moja kati ya yale saba lililohusu milima. Nataka muelewe vizuri kwamba mimi nilizaliwa Ihanda. Mteremko unaoshuka kutoka nyumbani kwa Osia naujua tangu sijaota meno ya pili. Tulikuwa tukiuteleza tumekalia magome ya migomba.

Siku ya kuichukua, aliizunguka baiskeli mara mbili, akaibonyeza keria, akainama.

"Breki je?"

"Za mizigo hazina breki."

"Hata kidogo?"

"Kaka, simama hapa mlangoni. Ukiona moja yenye breki inapita, nakurudishia hela yako yote."

Akasimama. Zikapita kama kumi hivi. Hakuna yenye breki. Akaridhika, na mimi nikaridhika zaidi. Nimefikiria sana kuhusu dakika hizo. Mteja aliuliza swali sahihi, kwa wakati sahihi, na fundi alilijibu kwa ushahidi. Ushahidi wote ulikuwa wa kweli. Ulikuwa tu wa barabara nyingine.

Nina kawaida moja nzuri, nayo ni kwamba baiskeli niliyoiongezea nguvu naifuata kuona inavyobeba mzigo wake wa kwanza. Kwa hiyo Alhamisi ile nilipanda gari kutoka Tunduma, na saa nane nilikuwa uwanjani kwa Osia. Tulipima magunia mawili kwa mizani yake ya kuning'iniza: kilo mia moja na kumi na nane. Tukayafunga kwenye keria kwa mipira ya tyubu, ambayo ni bora kuliko kamba, kwa kuwa mzigo ukitulia njiani mpira unakaza wenyewe. Osia akashika fimbo ya usukani, mimi nikashika nyuma. Uwanjani ilikwenda kama inatelezeshwa kwenye mafuta. Mama Eliza akasema tusimame atupige picha.

Tukasimama getini. Geti lao liko pale pale ambapo njia inaanza kushuka.

Sikuwahi kusikia kilo mia na kumi na nane zikibadilisha mawazo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Mzigo uliokuwa unatutii ukaanza kutuvuta. Osia alijaribu kuuzuia kwa visigino na viatu vyake vikachora mistari miwili. Hapo nikatoa amri ninayowapa wasukumaji wote wa Tunduma wakizidiwa: "Achia!" Kwa sababu mtu asiyeachia anavunjika mguu, na pale mpakani baiskeli ukiiachia inaanguka palepale, mzigo unaokotwa, maisha yanaendelea.

Osia akaachia. Mimi nikaachia. Baiskeli haikuanguka.

Nawaambia ukweli, katika hatua kumi za kwanza nilichokuwa nacho moyoni kilikuwa fahari. Rimu zile nilikuwa nimezinyoosha kwa siku nzima, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Baiskeli isiyo na mtu ilishuka mteremko wa mawe imesimama wima, imenyooka, kama hatua sitini, na mwendo ukiongezeka. Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile. Kisha njia ikapinda na baiskeli haikupinda.

Pale penye kona anakaa Mama Yusta, jirani yao, mjane anayefuga nguruwe. Tulisikia mlio wa mbao, kisha kimya, kisha nguruwe. Tulipofika, ukuta mmoja wa banda ulikuwa chini, gunia moja limepasuka ndani ya banda, la pili liko mtaroni limefunguka mdomo, na nguruwe watatu walikuwa wameshaanza kula. Mama Yusta alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alitazama banda, akatazama kahawa, akamtazama Osia.

"Baba Eliza, umewaletea nguruwe wangu kahawa. Na sukari iko wapi?"

"Mama Yusta, wazuie kwanza!"

"Niwazuie vipi? Wamekaribishwa."

Saa tisa na dakika ishirini na nne. Kumbukeni mashine inafungwa saa kumi na mbili, na hii ingekuwa mara ya tatu. Osia alikaa juu ya jiwe, akavua kofia. Hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Fundi, breki zangu ziko wapi?"

"Tunduma."

"Zinafanya nini huko?"

"Nimezitundika ukutani."

"Aha," alisema, akavaa tena kofia.

Sasa ninyi mnaosoma, hapa ndipo ninapotaka mtulie. Fundi akiharibu, kitu cha kwanza anachotaka kufanya ni kueleza. Msieleze. Hesabuni kilichopo. Baiskeli ilikuwa na uma uliopinda kidogo, magurudumu mazima, keria nzima. Tulikuwa na saa mbili na nusu, watu wanne, na tope.

Mama Eliza na Mama Yusta walianza kuokota, Mama Yusta akiwa wa kwanza, akiwasukuma nguruwe wake kwa goti na kuwaita majina ya ndugu za mumewe. Mimi na Osia tukaipandisha baiskeli hadi uwanjani. Uma niliunyoosha kwa kuubana katikati ya matawi ya mparachichi na kuuvuta polepole. Chuma hicho cha kizamani kinakubali kunyooshwa mara moja. Mara ya pili kinakatika, na fremu hizi nyepesi za siku hizi hazikubali hata hiyo mara moja, kwa hiyo msijaribu.

Kisha breki. Mama Yusta, ambaye alikuwa akipita na ndoo, alitoa ushauri.

"Si mfunge gogo nyuma liburuzwe? Marehemu alikuwa akishusha mbao hivyo."

Tulifunga gogo. Nilisisitiza tujaribu kwa mawe, si kwa kahawa, na hilo ndilo jambo pekee la busara nililofanya siku hiyo. Gogo lilikuwa la mviringo. Mteremkoni likabingirika, likaipita baiskeli, na ikawa gogo ndilo linaloivuta. Tuliisimamisha kwa kuilaza chini.

"La marehemu lilikuwa na pembe," Mama Yusta alisema.

Nikamwomba Osia ndala zake za tairi. Wengi wenu mnazijua, zile zinazokatwa kutoka kwenye tairi la gari, hazichakai mpaka mwenye nazo achoke. Alinipa ya kushoto. Niliipigilia kwenye ncha ya ubao wa urefu wa mkono, ubao nikautoboa kwa msumari wa moto katikati, nikaufunga kwa bolti kwenye vyuma vya keria, ili ukivutwa ncha ya juu, ndala inakandamiza tairi la nyuma. Ukiachia, kipande cha mpira wa tyubu kinaurudisha ubao mahali pake. Kwa kuvuta nilitumia kamba ya manila. Tukajaribu tena kwa mawe. Ndala ilishika vizuri, lakini kamba ilinyumbuka, na Osia alijikuta amevuta kamba hadi kifuani na baiskeli bado inakwenda.

"Kunahitajika waya," nilisema. "Waya usionyumbuka."

Sote tukatazama upande mmoja. Waya wa kuanikia nguo ulikuwa umejaa nguo.

"Hapana," alisema Mama Eliza.

"Mama Eliza, ni saa kumi na dakika kumi na tano," nikasema.

"Hizo ni sare za kwaya. Jumapili tunaimba."

"Zitakauka kwenye ukoka."

Alizianua mwenyewe, moja moja, bila kutazama mtu. Ncha moja ya waya niliifunga kwenye ubao, nyingine kwenye kipande cha mpini wa jembe kando ya fimbo ya usukani, kiwe mkono wa kuvutia. Jaribio la tatu tulishuka nusu ya mteremko na mawe, tukasimama, tukashuka tena, tukasimama. Ndala ilitoa moshi kidogo. Nikamwambia Osia asivute mfululizo. Avute, aachie, avute, ndala ipate kupoa. Mkumbuke hivyo hata kwa breki zenu za diski: breki inayovutwa muda wote haisimamishi, inaungua.

Kina mama walikuwa wamemaliza. Tulipima kabla ya kuosha, kwa sababu maji yana uzito na sipendi kupima maji. Cheri nzima zilikuwa kilo tisini na saba. Zilizokanyagwa na kuchanganyika na tope kilo kumi na mbili, hizo tuliziweka pembeni zikawe mbolea. Ukitoa kwenye mia na kumi na nane, zinabaki kilo tisa ambazo hazikuwa barabarani, wala mtaroni, wala kwenye ndoo.

"Watatu tu hao?" Osia aliuliza, akiwatazama nguruwe.

"Walikuwa na njaa," Mama Yusta alisema. "Na mmoja ana mimba."

Tuliosha kahawa kwenye karai, ndoo baada ya ndoo, tukaichuja maji, tukaijaza kwenye magunia mapya. Tuliondoka saa kumi na dakika hamsini. Osia alishika fimbo na waya, mguu wa kushoto peku. Mimi nilishika nyuma. Mama Eliza alitangulia mbele kuwaambia watu wakae pembeni, kazi ambayo aliifanya kwa sauti ya kwanza ya kwaya. Tulishuka mteremko ule kwa mwendo wa bibi harusi. Kila Osia alipovuta, ndala ililia, na watu wakatoka majumbani kuangalia ni mnyama gani anayechinjwa.

Huko chini njia ni tambarare hadi kwenye mashine. Hapo baiskeli ilikuwa nyumbani kwake. Ilikwenda kama ilivyokusudiwa, na tulitembea haraka. Tulifika saa kumi na moja na dakika arobaini na moja.

Karani wa kikundi alikuwa kijana mwenye miwani na kalamu mbili mfukoni. Alifungua gunia, akatia mkono, akautoa umelowa.

"Mzee Osia, mbona zimeloa?"

"Tumeziosha."

"Hakuna mtu anayeosha cheri kabla ya kuleta."

"Sisi tumeanza leo."

Karani aliinama akanusa. Alinusa tena. Kijana alimenya punje moja kwa kucha, akautazama ute wake, akainusa hiyo pia.

"Kahawa haijachacha," alisema polepole. "Lakini hapa pana harufu ya nguruwe."

"Ni ya huyu fundi," Osia alisema. "Ametoka Tunduma."

Karani alinitazama toka kichwani hadi miguuni. Nilikuwa na tope hadi kiunoni, na mengine hayakuwa tope. Akaona maelezo yanatosha. Akapima, akatoa kilo moja ya maji: kilo tisini na saba. Akaandika saa kwenye kitabu chake, saa kumi na moja na dakika arobaini na tisa, na mbele ya jina la Osia hakuweka alama ya kuchelewa. Osia alisoma mstari ule kwa kidole mara mbili ndipo akakubali kutoka.

Nilirudi Tunduma keshoye mchana, kwa kuwa asubuhi nilikuwa nikisimamisha ukuta wa banda la Mama Yusta. Aliniletea uji na akakaa kuhakikisha misumari inaingia yote. Wiki iliyofuata nilirudi Ihanda na breki za Osia, nikazifunga mahali pake, na nilipofika karakana niliandika swali la nane kwenye orodha iliyo ukutani: njia inashuka wapi? Tangu hapo niliuliza kila mteja, hata wa mpakani. Wa mpakani walinicheka. Mmoja aliwahi kuniambia njia inashuka kwenye bei ya unga. Niliandika jibu lake vilevile.

Siku hizi watu wanaleta baiskeli za mota na betri, na vijana mnazifungua vizuri kuliko mimi. Sina la kuwafundisha kuhusu betri. Lakini nimeona mwenzenu mmoja akimfungia mota mama anayeuza mboga, na hakumwuliza anakoishi. Mwulizeni. Mkimaliza kumwuliza, nendeni mkapaone.

Limebaki suala la hasara. Jioni ile, tulipotoka kwenye mashine, nilimwambia Osia kwamba kahawa iliyopotea nitailipa mimi, kilo ishirini na moja zote, kwa bei ya siku ile ambayo ilikuwa shilingi elfu moja na mia mbili kwa kilo. Alitembea kidogo, ndala yake moja ikipiga barabara.

"Kumi na mbili utalipa," alisema. "Hizo ziliharibika, na breki ulizitoa wewe."

"Na tisa?"

"Tisa ziache. Ziko ndani ya nguruwe, na nimeshaelewana na Mama Yusta. Krismasi ananipa paja."

Nikatoa pochi palepale njiani, nikamhesabia shilingi elfu kumi na nne na mia nne.